Jinsi Akina Mama wa Rangwe Walivyomdhamini Bwana Thornley

Homa Bay,
Alhamisi, adhuhuri

Kwa dada yangu Zuhura,

Kabla hata ya salamu, natangaza rasmi kwako, kwa ukoo mzima, na kwa majirani wote watakaosogeza masikio barua hii ikisomwa: mdogo wako Athumani amepewa kiti. Kiti chenyewe ni cha mbao, kina miguu minne, mikono miwili na mto wa kitambaa cha kijani. Mguu mmoja ni mfupi kidogo, kwa hiyo nikicheka nacho kinacheka. Nimekikalia hivi sasa ninapokuandikia. Naomba habari hizi zipokewe kwa utulivu, na wala pasichinjwe mbuzi.

Baada ya tangazo hilo zito, hujambo Dada? Mama hajambo? Magoti yake yanamwachia kusali wima, au bado anasalia kitandani huku akikugombeza kwamba umeuelekeza mkeka vibaya? Na kile kikohozi chako kimepoa? Usinijibu kwamba umepona kama hukupona. Mwaka jana uliniandikia "sote wazima", kumbe uliandika ukiwa umejifunika mablanketi matatu.

Mimi mzima. Homa ilinipitia mwezi mtukufu, ikanikuta nimeshakonda, ikaona hakuna cha kuchukua, ikaenda zake. Chakula ni samaki, na baada ya samaki ni samaki. Wanampika vizuri sana watu wa huku, lakini maskini hajawahi kukutana na nazi maishani mwake, na kila nikimla namwonea huruma.

Sasa nirudi kwenye kiti, maana najua Shemeji Bakari ameshawasomea wazee wa barazani ile barua niliyompelekea wiki mbili zilizopita, na najua ameisoma kwa ile sauti yake ya mwadhini. Amewaambia kwamba Athumani, yule aliyekuwa akimkimbia hata jogoo wa jirani, amesimama mbele ya Wazungu huko bara akawaeleza ukweli usoni. Ngoja nikusimulie mambo kwa urefu, nawe utanijua zaidi.

Unajua kazi yangu. Kamati yetu hukusanya fedha kwa watu wema wa Uingereza, wengi wao wazee na watu wa makanisani, na kuzigawa huku kwa visima, madarasa na zahanati, kuanzia Homa Bay hadi mpakani kule Kehancha. Mwenyekiti ni Bwana Thornley, mzee mrefu aliyewahi kuwa daktari wa mifugo, na mpaka leo akikusalimia hukutazama meno. Katibu ni Bibi Rudd. Mimi ni karani na mkalimani wao. Bwana Thornley amekaa nchi hii miaka mingi, lakini Kiswahili chake hakijavuka "lete", "peleka" na "asante sana". Bibi Rudd ameongezea "polepole". Kwa hiyo kila neno la mwombaji hupitia mdomoni mwangu, na kwa miaka saba yote nimelipitisha nikiwa nimesimama.

Ndiyo, nimesimama. Ofisini mle mna viti vyenye mikono vya Wazungu. Mna viti viwili visivyo na mikono vya Wahindi wenye maduka, wakija na michango yao. Kibarazani nje mna benchi moja la watu wanne, na hilo ni la Waafrika. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba iwe hivyo. Uhuru umeshatimiza miaka mitatu, Dada, lakini viti vya ofisi yetu vilikuwa havijapata habari.

Na ipo fomu. Kila kikundi kinachoomba msaada hujaziwa fomu yenye maswali manne. Je, watu hawa ni waaminifu? Je, ni wasafi? Je, wanashukuru? Je, wanafundishika? Halafu chini kabisa huja sharti kubwa: jina na sahihi ya Mzungu anayewajua waombaji kwa muda usiopungua mwaka mmoja, awadhamini. Pasipo na sahihi hiyo, fomu haifiki mezani. Sharti hilo limekuwepo tangu mwaka wa kwanza wa kamati. Lilitoka wapi, tuliache kwa sasa.

Sasa kutana na Mama Dorsila Auma wa Rangwe. Ni mkunga, mjane, Msabato wa kweli kweli, mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee umsikie, na ukisogea umekwisha. Kikundi chake cha wakunga kilikuwa kinaomba nyumba ya kuzalishia: vyumba viwili, tangi la maji ya mvua na vitanda. Ni hayo tu. Akina mama wa upande ule uchungu ukiwashika hupakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe waletwe hospitali ya Homa Bay, na barabara ile wakati wa mvua huijui. Wapo waliofika wakiwa na watoto mikononi. Wapo waliofika wakiwa wamefunikwa shuka.

Mama Dorsila ameomba mara tatu. Mara ya kwanza hakuwa na sahihi, akarudishwa. Mara ya pili alileta sahihi ya mwalimu mkuu wa shule ya kwao, Mjaluo mwenye shahada ya chuo kikuu, anayemjua tangu utotoni. Akarudishwa, kwa sababu mwalimu si Mzungu. Wiki hiyohiyo kikundi cha Uriri kilipata kisima kwa sahihi ya kijana wa Kizungu aliyekuja kupima barabara. Hakuwa ametimiza miezi minne nchini, na jina la Uriri mwenyewe aliliandika kimakosa. Hakuna aliyeuliza habari za mwaka mmoja.

Bwana Thornley na Bibi Rudd hupita Rangwe mara nyingi katika safari zao na kukaribishwa chai, lakini mara ya tatu walikwenda hasa kukagua. Walikwenda Jumamosi, maana ndiyo siku inayowafaa. Wakakuta vitanda vya mfano vimepangwa nje, na mtu hayupo hata mmoja, kwa kuwa Rangwe yote ya Wasabato ilikuwa kanisani. Kwenye faili pakaandikwa: hawakujitokeza, hawana bidii. Niliandika mimi kwa mkono wangu, kwa herufi nzuri.

Basi mwezi uliopita, siku ya Jumatano, kamati inakaa, nasikia vishindo kibarazani. Natoka, namwona Mama Dorsila na wanawake kumi na mmoja, wote wamevaa nguo za kanisani. Wameshushwa na lori la mfanyabiashara wa mahindi, na vumbi bado liko kwenye nyusi zao.

"Karibuni akina mama," nikasema. "Leo si siku ya waombaji."

"Sisi hatuombi leo," akasema Mama Dorsila. "Tumeleta."

"Mmeleta nini?"

"Ambia Bwana Thornley tumeleta dhamana."

Nikaingia nikamwambia. Uso wa mzee ukang'aa, kweli nakwambia. Alidhani wamepata Mzungu hatimaye. Akasema wakae kwenye benchi, atawaita mmojammoja. Nikatoka nikawaambia.

Mama Dorsila akalitazama benchi, akawatazama wenziwe. "Athumani, hii benchi iko ya watu wane. Sisi tuko kumi na mbili. Tutakaa kwa zamu kama watu wananyolewa?"

Wanawake wakacheka, na kicheko kikaingia ndani. Bwana Thornley akatoka kuona kinachochekesha. Na hapa nimsifu, maana anastahili: alitazama benchi, akahesabu vichwa kwa macho, akageuka, akaanza kubeba viti mwenyewe. Alileta chenye mikono, kisicho na mikono, na stuli ya jikoni. Bibi Rudd akainuka kumsaidia, uso mwekundu. Tukajikuta sote kibarazani, duara moja, na hakuna aliyejua tena nani akae wapi.

Bibi Rudd akaanza yeye. Akauliza kupitia kwangu, kwa upole, kwa nini Rangwe wahitaji nyumba ya kuzalishia ilhali hospitali ya Homa Bay iko pale. Akasema kwenye ramani ni karibu tu.

"Ramani haina mimba," akasema Mama Dorsila.

Nikatafsiri. Bwana Thornley akakohoa.

"Mwambie hivi," akaendelea. "Kwetu Wajaluo mtoto akizaliwa njiani anaitwa Oyoo akiwa mwanamume, Ayoo akiwa msichana. Jina linasema amezaliwa njiani." Akawageukia wenziwe. "Mwenye mtoto au mjukuu Oyoo ama Ayoo asimame."

Dada, walisimama saba. Mmoja akasita, akasimama, halafu akaketi tena. Mama Dorsila akasema taratibu kwamba mtoto wa huyo alipewa jina lakini hakulitumia hata siku moja. Hilo nalo nikalitafsiri.

Walioinuka wakaketi. Bwana Thornley akauliza, basi dhamana iko wapi, na ni nani aliyetia sahihi?

Mama Dorsila akatoa karatasi kwenye Biblia yake. Ilikuwa fomu yetu, Dada. Fomu yetu ileile yenye maswali manne. Lakini palipoandikwa jina la waombaji, lilikuwa limeandikwa jina la Bwana Thornley na kamati yake. Na chini, palipotakiwa sahihi ya Mzungu, palikuwa na sahihi na alama za vidole za wanawake kumi na wawili wa Rangwe.

"Mambo ni hivi," akasema. "Nyinyi mnakuja kwetu, mnaingia kwa nyumba, mnaangalia choo, mnaangalia ghala. Sisi hatujui kama nyinyi ni watu wazuri. Hakuna mtu amewadhamini kwetu. Tumekaa, tukasema basi tuwadhamini sisi wenyewe, maana tunawajua miaka saba. Soma, Athumani."

Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili. Nikasoma kwa Kiingereza, mbele yao wote, na nakunakilia hapa kama ilivyokuwa.

"Je, watu hawa ni waaminifu? Ndiyo. Bwana Thornley hajachukua kitu cha mtu. Akisema atakuja kukagua, anakuja, lakini anakuja Sabato, siku sisi hatuko, halafu anasema sisi ni wavivu. Yeye tukimwita Jumapili asubuhi, atakuja?

"Je, ni wasafi? Ndiyo, sana. Lakini chai yetu hainywi. Anaishika mpaka inapoa, halafu anaenda nyuma ya gari anamwaga. Miaka saba anafikiri hatuoni.

"Je, wanashukuru? Kidogo. Anatuita wasichana, na mdogo wetu ana wajukuu wawili. Akitaka kujua habari ya Rangwe, anauliza Mzungu wa Kisumu. Msaada wake unafuata nyumba za Wazungu kama vile ndege yangeyange hufuata ng'ombe wanaolima. Pale Mzungu hakukanyaga, kama kwa Wakuria kule Kehancha, msaada hautui.

"Je, wanafundishika? Sisi tunaona wanafundishika. Bwana Thornley akipita barabarani anapunguza mwendo ili vumbi lisitushike. Gari la mtu likikwama, anavua koti anasukuma. Hii si tabia ya mtu ambaye ameshindikana. Tunaomba apewe nafasi."

Basi ndivyo nilivyomwandikia Shemeji: kwamba niliisoma neno kwa neno, bila kutetereka, na kwamba Bwana Thornley alipomaliza kusikia aliitazama mikono yake, kisha akasema, "Yote ni kweli. Hata chai." Na kwamba tangu siku hiyo mimi nina kiti.

Yaliyofuata ni ya kumsifu zaidi yule mzee. Bibi Rudd alisema kwamba hawakuwa na nia mbaya, na kwamba wafadhili Uingereza wanataka kuhakikishiwa na mtu wanayemwelewa. Mama Dorsila akamjibu kwamba nia hawezi kuipima, yeye anapima barabara.  Bibi Rudd, bila kuambiwa na mtu, akaichukua ile fomu ya zamani akaikata sehemu ya chini kwa mkasi, palepale. Bwana Thornley akauliza ni kitu gani kingine kibadilike. Hakumuuliza Mzungu wa Kisumu. Alimuuliza aliyeketi mbele yake.

Wamekubaliana hivi. Kwanza, ukaguzi utafanyika siku watakayoitaja wenyeji. Pili, atakayewadhamini waombaji atakuwa jirani yao, awe wa rangi yoyote. Tatu, wenyeji wataingia kwenye kamati. Walimtaka Mama Dorsila peke yake. Akakataa.

"Mmoja anakuwa pambo," alisema. "Mkitaka mimi, mtaleta na Mama Robi wa Kehancha. Nikisahau Wakuria, yeye atanikanyaga mguu."

Na kwa wafadhili wa Uingereza Bwana Thornley aliandika barua, nami niliipiga mashine. Aliwaambia kwamba kwa miaka saba amekuwa akiuliza kama Waafrika wanafundishika, na sasa wamemjibu kwamba yeye anafundishika, nalo ndilo jambo jema kuliko yote aliyowahi kuambiwa katika nchi hii. Akawatumia kila mmoja fomu tupu yenye maswali manne, akawaomba wajijazie wenyewe kabla ya kutuma mchango mwingine. Wapo waliokasirika. Bibi mmoja alijibu kwamba anatoa sadaka, hafanyi mtihani. Lakini mzee mwingine alirudisha fomu yake imejazwa kurasa nne, na jibu la shukrani ameliandika mara mbili akilifuta.

Nyumba ya wakunga Rangwe imeanza kujengwa. Bwana Thornley alikwenda Jumatano ya wiki iliyopita, akanywa chai yao vikombe vitatu. Cha tatu hakuna aliyemlazimisha. Njiani alitusimamisha mara mbili akaingia vichakani.

Sasa nifunge. Mbusu Mama mikono yote miwili, umwambie mwanawe anasali na anakula. Mke wangu Mwanajuma mwambie kanga nimeshanunua, na maneno yaliyoandikwa juu yake asiyachukulie kuwa ni yangu, niliambiwa yamebaki hayo tu. Kwa mwalimu wangu wa chuoni, Maalim Saidi, niombee radhi. Shangazi Mishi mwambie shoka lake niliazima kweli, ila sikumbuki nilimwachia nani. Watoto wa nyumba ya pili, salamu kwa mmojammoja. Shemeji Bakari, salamu nyingi, na aipunguze sauti.

Ni mimi mdogo wako mwenye kiti,
Athumani

Dada, nimeshindwa kuifunga bahasha. Nimeilamba gundi, nikaifungua tena. Nikae niseme ilivyokuwa hasa, halafu wewe utaamua umsomee nani.

Kiti sikupewa kwa ushujaa. Siku ile, viti vilipokwisha kupangwa, wote waliketi, na mimi nikabaki wima katikati kama nguzo, kwa mazoea. Mama Dorsila akasema, "Na huyu? Maneno yetu yote inapita kwa mdomo yake. Miguu yake imekosea nani?" Bwana Thornley akaniinukia, akanipa cha kwake. Nikaketi. Kilikuwa bado kina joto la mwenyewe.

Na nikiwa nimekikalia kiti hicho alichoniombea yeye, nikasoma fomu yake nikaruka. Sikusoma habari za Sabato. Wala chai sikuisoma. Lile la wasichana nililipitia mbali. Mahali pa chai nilisema wanawake hawa wanaona Bwana anaipenda chai ya nchi hii. Bwana Thornley akatabasamu. Nilijiambia nawasaidia, kwamba maneno laini ndiyo yatakayojenga ile nyumba. Ndivyo nilivyotafsiri miaka saba yote, Dada. Kila neno gumu la mtu mweusi limeingia ofisini mle limepakwa mafuta na mimi, na Wazungu wakadhani hawana kosa.

Mama Dorsila akanisubiri nimalize. Akasema kwa ile sauti ya chini, "Athumani, ndugu yangu, chai iko wapi?"

Kumbe alikuwa yaya Kericho, kwenye nyumba ya Mzungu, miaka tisa. Kiingereza anakielewa kuliko nilivyofikiria. Bwana Thornley akaniuliza chai gani. Nikaanza upya, neno kwa neno, na kutetereka nilitetereka. Makwapa yote mawili yalikuwa yamelowa.

Halafu lipo la tatu, na hili hata Shemeji sikumgusia. Bwana Thornley aliuliza mbele ya wote, "Sharti hili la sahihi ya Mzungu lilitoka kwa nani?" Bibi Rudd hakukumbuka. Nikatazama sakafu. Mzee akasema, "Mimi ndiye mwenyekiti, basi ni langu," akalibeba yeye.

Lilikuwa langu mimi. Mwaka wa kwanza aliniuliza tutajuaje kikundi cha kweli na cha uongo. Nilikuwa mgeni, mtu wa pwani, nimevaa kanzu safi, na watu wa ziwani niliwaona wako chini yangu, niseme ukweli. Nikamjibu, "Wamlete Mzungu anayewajua." Ilinitoka upesi, kama mtu anavyosema bei. Akalipenda, likaandikwa. Kila nilipomrudisha Mama Dorsila kibarazani, nilimrudisha kwa sharti langu mwenyewe.

Jana nilikwenda Rangwe. Nilimkuta kwenye msingi wa nyumba, sketi ameikunja, anagombana na fundi juu ya upana wa mlango. Anataka kitanda kipite bila kuinamishwa. Nikamvuta kando, nikamwambia lote.

"Mimi nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza. Mzungu peke yake hawezi kutunga hiyo kitu. Yeye hajui kama sisi hatuna mtu wa kutuandikia. Hiyo ilikuwa akili ya mtu anatujua kidogo, anataka Wazungu wamwone."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini basi aliniombea kiti.

Akanishangaa. "Ningekuombea nini? Ulikuwa umesimama."

Leo asubuhi nilimwambia na Bwana Thornley. Nilianza kwa kusimama, akaniambia niketi, nikaketi nikaanza tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema sharti lilikuwa langu siku moja, na lake miaka saba, na tusigombanie.

Lakini Mama Dorsila hakuniachia hivihivi. Kabla sijaondoka Rangwe aliniuliza kama nina fomu mfukoni. Nilikuwa nayo moja. Akailaza juu ya tofali, akaandika jina langu. Mwaminifu? Akaandika: ameanza leo. Msafi? Ndiyo, mpaka viatu. Anashukuru? Ndiyo. Akafika kwenye swali la nne, kama ninafundishika, akashika kalamu, akanitazama, akaitazama tena karatasi. Kisha akanirudishia.

"Hiyo nitajaza nyumba ikiisha," akasema, akarudi kwa fundi wake.

Fomu ninayo hapa mezani, Dada. Nafasi ya nne bado ni nyeupe.